Uwanja wa Shule ni Amana

Baraza la madiwani wa jiji linapoketi kulitia mizanini shauri la kukarabati viwanja vya michezo vya shule, aghalabu maneno ya awali huwa ni nyasi bandia, majukwaa na taa. Nami nasema, kwa taadhima yote wanayostahili wenye dhamana hiyo, kwamba shauri lililoanza hivyo limeanzia mwisho. Linalopasa kutangulia ni suala la mipaka: je, uwanja umepimwa, una hati, nao umeandikwa kuwa ni mali ya shule?

Hapa Tanzania, tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada katika shule za umma, watoto walifurika darasani, na serikali, katika mpango wake wa mwaka 2021, ikajenga madarasa 15,000. Hakuna mwenye insafu atakayelilaumu darasa. Lakini darasa hutaka ardhi, na katika shule ya mjini iliyozingirwa na nyumba na maduka, ardhi iliyosalia wazi mara nyingi ni uwanja. Chumba huchukua pembe, choo huchukua ukingo, lango la mpira husogezwa, hata siku moja mwalimu akitafuta mahali pa kuchagulia timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, haoni ila uchochoro. Waingereza, waliokwisha kuuza viwanja vingi vya namna hiyo, walitunga sheria mwaka 1998 inayoizuia halmashauri kuuza uwanja wa shule bila idhini ya waziri. Nasi watu wa pwani twalijua vyema jambo la wakfu, mali ambayo mwenye kuishika ni mwangalizi tu. Sioni sababu ya uwanja wa watoto kupewa hadhi iliyo duni kuliko hiyo.

Mipaka ikithibiti, ndipo ije ardhi yenyewe. Udongo uliokanyagwa na maelfu ya nyayo hushindiliwa ukawa kama sakafu, na masika yanapoingia Dar es Salaam au Tanga maji hutuama majuma kadhaa, kwa kuwa hayana pa kuzama wala pa kukimbilia. Dawa yake si ya ajabu: kuutifua udongo, kuuinua uwanja kidogo katikati ili maji yashukie pande zote, kuchimba mitaro, kisha kupanda ukoka na kuuacha ushike mizizi kabla ya kuchezewa. Nyasi bandia zina mahali pake, hasa katika uwanja mmoja unaotumiwa na shule nyingi kutwa nzima. Lakini jua la adhuhuri huzipasha moto usiovumilika kwa mtoto anayecheza pekupeku, nazo baada ya miaka kama kumi huchakaa zikataka kununuliwa upya. Tena zile punje za mpira zinazomwagwa kati yake, Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kupiga marufuku uuzaji wake, baada ya muhula wa miaka minane.

Yanisikitisha zaidi kwamba uwanja wa netiboli, usiozidi mita 30.5 kwa 15.25, husahauliwa katika makadirio mengi, ilhali ndio mchezo wa wasichana wetu. Bajeti ya kwanza, kabla ya taa hata moja kununuliwa, na iwe na fungu la mpimaji wa ardhi, fungu la mitaro, fungu la netiboli, na mshahara wa mtunza uwanja pamoja na mashine yake ya kukatia majani, fungu hili la mwisho likirudiwa kila mwaka.