Supreme: Nembo ya wacheza ubao iliyovuka bahari bila ubao

FULANA yenye kisanduku chekundu kifuani na neno Supreme lililoandikwa kwa herufi nyeupe si jambo geni tena machoni pa wakazi wa miji ya Afrika Mashariki. Huonekana katika vituo vya daladala, kwenye vijiwe vya bodaboda na katika mafungu ya mitumba.

Hata hivyo, wengi wa wanaoivaa hawajapata kupanda ubao wa magurudumu, ilhali nembo hiyo ilizaliwa kwa ajili ya wacheza ubao.

Duka la kwanza la Supreme lilifunguliwa Aprili 1994 katika Mtaa wa Lafayette, jijini New York, na James Jebbia, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Uingereza. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na Shawn Stussy, mtengenezaji wa mbao za kutelezea mawimbini huko California, ambaye nembo yake ya Stüssy ilitangulia kuyapeleka mavazi ya vijana wa mchezo huo mitaani.

Nguo zilitundikwa kuzunguka kuta na katikati ya duka pakaachwa wazi, ili kijana aweze kuingia akiwa juu ya ubao wake. Wauzaji nao walikuwa wacheza ubao. Mwaka 1995 baadhi ya vijana wa kundi hilo walionekana katika filamu ya Kids ya mwongozaji Larry Clark, iliyowatambulisha kwa watazamaji wa nje ya New York.

Kisanduku chekundu chenyewe kilitokana na mtindo wa Barbara Kruger, msanii wa Marekani ambaye kazi zake hukejeli tamaa ya kununua. Nembo iliyoazima sura ya kejeli hiyo ndiyo iliyokuja kuwa miongoni mwa zinazonunuliwa kwa pupa kubwa zaidi duniani.

Siri ya pupa hiyo ilikuwa uhaba. Supreme ilitoa bidhaa chache kila wiki, aghalabu siku ya Alhamisi, na zikiisha ilikuwa nadra kurudishwa sokoni. Foleni ndefu zikaota mbele ya maduka, na nyuma ya foleni wakazuka walanguzi. Mwaka 2016 kampuni iliuza hata tofali la kawaida lenye jina lake kwa dola 30, nalo likalanguliwa kwa bei iliyozidi hiyo mara nyingi.

Japani iliipokea mapema, na maduka yakafunguliwa huko mwaka 1998. Wanamuziki wa hip-hop, miongoni mwao Tyler, the Creator, wakaivaa mbele ya kamera, na jina likawafikia vijana wasiojua lolote kuhusu mchezo wenyewe.

Uhusiano wake na kampuni ya Kifaransa ya Louis Vuitton waonyesha umbali wa safari hiyo. Mwaka 2000 Supreme ilitakiwa kuacha kuuza mbao zenye mapambo yaliyofanana na ya kampuni hiyo. Mwaka 2017 kampuni hizo mbili zilitoa mavazi kwa pamoja, yakaonyeshwa katika jukwaa la mitindo la Paris.

Fedha nyingi zikafuata. Mwaka 2020 kampuni ya VF ya Marekani ilikubali kuinunua Supreme kwa zaidi ya dola bilioni 2.1. Lakini nembo iliyojengwa juu ya uhaba haikuvumilia kupanuliwa kwa urahisi. Mwaka 2024 VF iliiuza kwa EssilorLuxottica, watengenezaji wa miwani, kwa dola bilioni 1.5.

Afrika Mashariki haikuipata nembo hiyo kwa foleni ya Alhamisi. Iliipata kwa video za muziki, kwa marobota ya mitumba na, kwa kiasi kikubwa, kwa nakala za bandia. Nchini Tanzania, kupambana na bidhaa bandia ni jukumu la Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Ubao wenyewe ulichukua njia nyingine, yenye mwendo wa polepole. Unahitaji lami au zege laini, nao ni ghali. Katika vijiji kama Maneromango, wilayani Kisarawe, penye njia za mchanga na udongo, gurudumu dogo haliwezi kwenda mbali. Fulana iliyomo katika furushi la mchuuzi haina kikwazo hicho.

Mahali ambapo ubao ulitangulia nembo ni Kitintale, mtaa wa Kampala, Uganda. Katikati ya muongo wa 2000, Jackson Mubiru na wenzake walijenga hapo uwanja wa zege kwa mikono yao, ambao unatajwa kuwa wa kwanza wa aina hiyo katika Afrika Mashariki. Hapakuwa na duka la kuuza mbao. Vijana walitegemea misaada kutoka nje na kupokezana ubao mmoja. Mwaka 2010 mpigapicha Yann Gross wa Uswisi alichapisha kitabu cha picha chenye jina la mtaa huo.

Jijini Nairobi, uwanja mwingine ulijengwa mwaka 2013 katika kituo cha watoto cha Shangilia, Kangemi, kwa msaada wa shirika la Skate-aid la Ujerumani. Mwaka 2021 mchezo huo uliingia kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, mjini Tokyo.

Thamani ya Supreme ilitokana na vijana wachache wa mtaa mmoja waliokuwa na mahali pa kuchezea na duka la kukutania. Jina lao lilivuka bahari kwa urahisi. Mahali pa kuchezea hapavuki. Hujengwa papo hapo, kama walivyofanya vijana wa Kitintale.