Rangi ya Kivuli na Umbo la Kweli

Mvua kubwa inyeshapo Kilimani, mtaa ulio upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, maji hushuka kutoka mgongo wa kilima yakielekea vijito vya Kirichwa, nayo hubeba udongo mwekundu. Mvua ikiisha na jua likirudi, mtu atazamaye kando ya njia huona jambo la kumfikirisha. Kila ufa, kila alama ya gurudumu na kila kiungo cha jiwe kimeshika wekundu, na kila kilichoinuka kimeoshwa kikawa safi. Ardhi aliyoipita asubuhi bila kuitazama sasa yaonyesha umbo lake wazi, kana kwamba imechorwa upya. Maji hufuata mkondo, na kila yapitapo huacha habari ya mahali palipoinama na mahali palipoinuka.

Siri hiyo ya mvua ndiyo siri ya kazi moja ndogo ya mikono, yaani kutia kivuli katika sanamu ndogo na katika mifano ya magari. Mfanyaji huchukua rangi nzito kidogo, akaizimua kwa maji mengi hata ikawa nyepesi kama chai, kisha akaipitisha juu ya kitu alichokwisha kukipaka rangi. Rangi hiyo hushuka katika mikunjo na mifereji, ikatulia humo na kukauka, na sehemu zilizoinuka hubaki na mwangaza wake. Hapa tutaiita rangi ya kivuli. Ni kazi ndogo, lakini ina historia ndefu, na katika historia hiyo limo swali ambalo kila kijana apaswa kujiuliza: je, rangi yatumika kuonyesha ukweli wa kitu, au kuuficha?

Kwanza tufahamu kwa nini kitu kidogo chahitaji kutiwa kivuli. Lori likisimama barabarani, jua lenyewe hulichora. Chini ya bodi huwa giza, na mlango hujitenga na ubavu kwa mstari mweusi. Lakini tukitengeneza mfano wa lori hilo uliopunguzwa mara 72, kipimo ambacho watengenezaji wa mifano hukitumia sana, mambo hubadilika. Dereva mwenye urefu wa sentimita 180 huwa na sentimita 2.5 tu. Nafasi ya nusu sentimita kati ya mlango na ubavu hupungua ikawa sawa na unene wa unywele. Mwanga wa jua haukupunguzwa pamoja na lori. Huumulika mfano wote, na ufa mwembamba namna hiyo hauwezi kutoa kivuli ambacho jicho litakiona. Kwa hiyo mfano uliopakwa rangi moja, hata ukiwa umeundwa kwa uhodari mwingi, huonekana kama kipande cha sabuni. Kivuli ambacho jua limeshindwa kukitia, mkono wa mwanadamu hauna budi kukitia.

Maarifa haya hayakuanza na wapenda magari madogo. Wachoraji wa China walitumia wino uliozimuliwa kwa maji, mweusi hapa na hafifu pale, kuonyesha milima na ukungu, karne nyingi kabla ya mitambo ya leo. Katika Ulaya, wachoraji wa rangi za maji walijifunza kwamba weupe wa karatasi ndio mwanga wao, na kwamba kila tabaka jembamba la rangi huongeza kivuli bila kuuzima mwanga ulio chini yake. Elimu hiyo ilifika Nairobi pia. Joy Adamson, mzaliwa wa Ulaya ya Kati aliyekuja Kenya mwaka 1937, alichora maua ya nchi hii kwa rangi za maji, na mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya asili. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Nairobi, nyumba iliyoitwa Coryndon katika siku za ukoloni. Mwanafunzi aendaye huko na asimame mbele ya ua moja, atafute mahali ambapo jani hujikunja. Mchoraji wa rangi za maji haweki mstari mzito mahali pale. Huweka rangi nyepesi juu ya rangi nyepesi, na kwa kivuli hicho jani huinuka kutoka katika karatasi.

Lakini tukitaka kuona rangi ya kivuli juu ya kitu kishikwacho mkononi, hatuna haja ya kwenda mbali. Tuwatazame wachongaji wa Ukambani. Habari iliyopokewa ni kwamba Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, akaona huko kazi ya wachongaji wa vinyago, naye aliporudi nyumbani akaendeleza ufundi huo na kuwafundisha wenzake. Mbegu ile ikawa msitu. Vinyago vya Wakamba, twiga, kifaru, swala na mpiganaji mwenye mkuki, viliuzwa Nairobi na Mombasa, vikasafiri hadi Ulaya na Marekani. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa waliunda chama chao cha ushirika huko Changamwe, nao wenzao wa Nairobi wakawa na karakana zao Gikomba.

Wachongaji hao walikuwa na rangi yao ya kivuli, nayo haikutoka katika duka la wachoraji. Ilikuwa ni dawa ya viatu. Kinyago kikiisha kuchongwa na kusuguliwa kwa msasa, mchongaji hupaka dawa hiyo kwa kitambaa au brashi, akaiacha kidogo, kisha akaisugua. Katika mikato ya kisu, kama vile manyoya ya simba, makunyanzi ya ndovu na vidole vya mzee, weusi hubaki. Katika mgongo na paji la uso weusi huondoka na mti hung'aa. Hiyo ndiyo kazi ile ile ya mvua ya Kilimani. Hakuna aliyewafundisha wachongaji hao kwa kitabu, bali jicho na mkono vilishauriana.

Hata hivyo, katika kopo lile lile la dawa ya viatu ulikuwamo mtego. Wanunuzi wengi waliupenda mpingo, mti mgumu wenye moyo mweusi. Mpingo hukua polepole mno. Huhitaji miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kuvunwa. Kwa kuwa mpingo ulikuwa adimu na wenye thamani, wako waliochukua mti mweupe wa bei ndogo, wakaupaka weusi mzito tangu kichwa hata miguu, wakauuza kwa jina la mpingo. Rangi iliyokuwa mtumishi wa umbo ikageuzwa kuwa shahidi wa uongo. Mnunuzi akikwaruza chini ya kinyago kwa ukucha, weupe ulitokea, na aibu yake haikumwangukia mdanganyifu peke yake. Ilimwangukia na mchongaji mwaminifu aliyeketi kibanda cha pili.

Wala hasara haikuwa ya sifa peke yake. Misitu nayo ilidhurika. Mpingo ulikatwa, na muhugu, mti mgumu wa kahawia unaoota hata katika msitu wa Karura kaskazini mwa Nairobi, ulitafutwa sana na wachongaji hata ukaanza kupungua. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa mimea na wachongaji walishauriana kutumia miti ikuayo upesi na kupandwa na watu, kama vile mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Miti hiyo si myeusi. Mchongaji aliyekubali shauri hilo alipaswa kuamua jambo kubwa: ama aifunike kwa rangi nzito na kuiita mpingo, ama auache mti uonekane ulivyo, na atie kivuli katika mikato tu. Waliochagua njia ya pili waligundua kwamba mistari ya mti wenyewe ina uzuri wake, na kwamba mjakaranda upambao barabara za Nairobi kwa maua ya zambarau hauna sababu ya kuona haya kuitwa mjakaranda.

Sasa na tuirudie mifano ya magari. Katika Uingereza, kampuni ya William Britain ilianza mwaka 1893 kuuza askari wadogo wa risasi wenye uwazi ndani, wakiwa wamepakwa rangi za kung'aa zisizo na kivuli. Mwaka 1952 kampuni ya Airfix ilitoa mfano wa meli katika vipande vya plastiki vya kuunganishwa nyumbani, na tangu hapo vijana wengi wa ng'ambo walijifunza kuunda mifano. Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, mafundi kama Sheperd Paine wa Marekani na François Verlinden wa Ubelgiji waliwaonyesha wapenda mifano duniani jinsi rangi nyepesi ya kivuli iwezavyo kufanya kifaru cha vita cha plastiki kionekane cha chuma kilichopita matopeni.

Kwetu Kenya, watoto waliunda magari yao kwa waya na vifuniko vya chupa, na magurudumu wakayakata katika ndara zilizochakaa. Kijana wa Kilimani atakaye kuunda mfano ana mambo mengi ya historia karibu naye. Aweza kuunda matatu ya zamani, gari ambalo jina lake latokana na nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10, na ambalo Rais Jomo Kenyatta aliliruhusu mwaka 1973 kuchukua abiria kwa uhalali. Akiisha kulipaka, achague kivuli chake kwa busara. Weusi mtupu wafaa injini na vyuma. Juu ya rangi ya manjano au nyekundu weusi huleta uchafu, kwa hiyo kahawia iliyokoza ni bora zaidi, nayo yafaa pia ngozi ya mtu, mbao na viti. Juu ya rangi nyeupe, kijivu hafifu chatosha.

Chini ya gari, karibu na magurudumu, historia na jiografia huingia. Udongo wa magharibi ya Nairobi ni mwekundu, na ule wa mashariki na kusini ni mweusi, mzito na wenye kunata. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli mahali penye majimaji, na katika enzi ya ukoloni vilima vya magharibi vilitengwa kwa Wazungu, na Waafrika wengi wakawekwa upande wa mashariki. Basi mfano wenye tope jekundu wasimulia safari moja, na wenye tope jeusi wasimulia nyingine. Mfanyaji aulize kwanza, "Gari hili lilipita wapi?" kisha ndipo achanganye rangi.

Kutumia rangi hii kwataka subira. Rangi ya chini na ikauke kabisa, ikiwezekana kwa usiku mzima. Gari lililo laini lipakwe kwanza vanishi ya kung'aa, ili kivuli kiteleze mpaka kwenye mifereji wala kisigande njiani. Tone moja la rangi kwa matone tisa ya maji ni mwanzo mzuri, lakini kila mchanganyiko na ujaribiwe kwanza juu ya kipande kisicho na thamani. Maji hujikusanya kuwa matone, basi chembe ndogo ya sabuni huyalegeza yakatambaa. Kwa manyoya ya mnyama na mikunjo ya nguo, rangi hupitishwa kotekote. Kwa gari, ncha ya brashi huguswa kwenye kiungo tu, na rangi hukimbia yenyewe katika ufa. Ikijaa mahali, ifyonzwe kwa brashi safi ikiwa bado mbichi. Ikianza kukauka isiguswe, maana itaacha madoa yenye kingo kama ramani ya visiwa. Atumiaye rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini aitie juu ya rangi ya maji iliyokauka, afungue madirisha, na baadaye apanguse mabaki kwa kitambaa. Mwisho vanishi isiyong'aa huondoa mmetameto na kuifunga kazi.

Katika haya yote kuna sharti moja lisilobadilika. Rangi ya kivuli haiwezi kuumba umbo. Ufa usiochongwa haitauchora, na jicho lililochongwa vibaya litaonekana vibaya zaidi. Mfanyaji akiona makosa yake yamefichuliwa, asikimbilie rangi nzito ya kuyafunika. Na arudie kisu na msasa.

Kituo kimoja cha wasanii, kilichoanzishwa mwaka 1995 katika Makumbusho ya Nairobi na baadaye kikahamia Kilimani, kilipewa jina la Kuona. Jina hilo lafaa kuwa fundisho la somo letu. Kijana atakayejizoeza kutazama mahali palipoinama na palipoinuka, katika mfano wa gari, katika kinyago, katika mji alimozaliwa na katika mambo ya watu, atajua pia kutofautisha rangi iliyowekwa ili tuone na rangi iliyowekwa ili tusione. Mvua ya Kilimani haina hila. Hupita, na kilima hubaki kilivyo.