Kona ya Barabara Ilitoka Wapi? Historia Fupi ya Programu za Kuchora Barabara

Leo naomba tuweke kando mambo ya hifadhidata, tuzungumzie barabara. Nina marafiki kadhaa wahandisi, na kila wanapokwama na faili zao hunitumia nizitazame. Ndivyo nilivyoanza kuifuatilia historia hii.

Ukifungua programu kama Civil 3D, unashika kwa kipanya mahali mistari miwili inapokutana, unavuta, na barabara nzima inajisogeza. Kazi ya sekunde mbili! Lakini nyuma ya mvuto huo kuna zaidi ya miaka 250 ya hesabu.

Tuanze na kona yenyewe. Mtu asiyejua atachora mstari ulionyooka, kisha aunganishe kipande cha duara. Kwenye karatasi inapendeza. Barabarani, dereva analazimika kukata usukani ghafla pale duara linapoanza. Kwa gari moshi ni vibaya zaidi, kwa sababu reli haimpi dereva nafasi ya kukata kona polepole. Dawa yake ni mchirizo unaozidi kupinda kidogo kidogo kadiri unavyosonga mbele, yaani klothoidi. Leonhard Euler aliueleza mwaka wa 1744 alipokuwa akichunguza jinsi vipande vyembamba vinavyopinda. Barabara hata hakuiwazia! Mwishoni mwa karne ya 19, wahandisi wa reli, akiwemo Arthur Talbot wa Marekani, waliuleta kazini.

Kanuni yake ni fupi: rediasi mara urefu ni sawa na A mara A. Chukua kona ya rediasi ya mita 400 na klothoidi ya mita 100. A ni 200. Mwisho wa klothoidi hiyo barabara imegeuka digrii 7.16, na duara limesogea ndani mita 1.04. Shida ni kwamba kupata X na Y za kila nukta hakuna fomula fupi. Inabidi ujumlishe msururu wa tarakimu hadi utosheke. Kona moja utaimaliza kwa mkono. Kona mia tatu je?

Swali hilo liliikabili Marekani mwaka wa 1956, sheria ilipopitishwa ya kujenga barabara kuu za maili 41,000. Pale MIT, Charles L. Miller akaona kwamba tarakilishi inaweza kubeba mzigo huo. Mwaka wa 1958, yeye na Robert Laflamme walichapisha wazo la kuiweka ardhi yenyewe ndani ya mashine kama orodha ya nukta zenye X, Y na kimo, ili mhandisi ajaribu njia kadhaa na kulinganisha kiasi cha udongo wa kuchimba na kujaza. Kisha ikaja COGO, lugha ambayo mhandisi aliandika amri kwa maneno ya kazi yake mwenyewe, bila kujifunza uprogramu. Katika miaka ya 1960 COGO ikaingia katika mfumo mkubwa zaidi ulioitwa ICES.

Uingereza nako, katika miaka ya 1970, ilizaliwa MOSS. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu haikutoka kwa kampuni kubwa ya programu. Ilitoka kwa halmashauri za kaunti zilizoungana kutatua shida yao. Badala ya kukata barabara vipande vipande kama mkate, waliieleza kwa nyuzi ndefu: uzi wa katikati, uzi wa ukingo wa lami, uzi wa mtaro. Baadaye ikaitwa MX, na mwishowe ikawa mali ya Bentley. Upande wa pili wa bahari, Autodesk iliinunua Softdesk mwaka wa 1997, na Civil 3D ikafuata katika miaka ya 2000. Jipya lake lilikuwa kwamba vitu vinafahamiana: ukibadilisha mstari wa kati, vimo na michoro ya mikato hubadilika pia.

Sasa sikilizeni hapa, waprogramu. Katika barabara kila kitu hutajwa kwa cheneji, yaani umbali tangu mwanzo. Tuseme kona inageuka digrii 30 kwa duara tupu, na mhandisi anaongeza rediasi kutoka mita 400 hadi 600. Barabara inafupika kwa mita 2.46. Kila kalvati na kila daraja lililo mbele ya kona hiyo sasa lina cheneji mpya, ingawa halijasogea hata kidogo. Mchoro uliochapishwa wiki iliyopita tayari unadanganya. Programu nzuri hufuatisha mabadiliko hayo. Orodha iliyonakiliwa kwenye Excel haifuatishi, na fundi aliye shambani atachimba mahali karatasi inaposema.

Ndiyo maana faili ni jambo zito. Mwaka wa 2002 lilitoka toleo la kwanza la LandXML, muundo wa maandishi ya kawaida ambao hutunza mistari, maduara na klothoidi kama vilivyo. Unaweza kuufungua hata kwa Notepad. Lakini mara nyingi faili ninazoletewa ni orodha ya nukta tu. Rediasi imepotea, klothoidi imepotea, na anayetaka kurekebisha kona hiyo baada ya miaka kumi itabidi akisie alichokusudia mwenzake.

Tangu mwaka wa 2013, kaunti zetu 47 zina jukumu la barabara za kaunti. Mshauri akimaliza kazi huondoka, barabara hubaki. Kwa hiyo, mhandisi wa kaunti, unapoandika mkataba, dai LandXML yenye vipande vyote pamoja na mchoro wa karatasi. Haikugharimu leseni yoyote. Na sisi waprogramu tukumbuke kwamba MOSS ilianzia kwenye ofisi za kaunti. Programu ndogo ya kusoma faili hizo na kukagua rediasi na cheneji haihitaji Silicon Valley. Mimi nimeanza kuiandika yangu, na sasa inasoma mistari na maduara. Klothoidi ndizo zinafuata.