Ugonjwa wa Watoto, Lakini Watoto Gani?



Miezi michache iliyopita tulikuwa tumekaa sebuleni kwa jamaa zetu hapa Uingereza, kahawa imeshamiminwa, pale binti wa nyumba alipotoa karatasi aliyopewa kliniki. Ana mimba yake ya kwanza. Mkunga amemwuliza kama aliwahi kuchanjwa rubela, naye hana jibu, kwa kuwa alikuja huku akiwa na miaka 19, na kadi yake ya utotoni ilibaki Unguja, huenda imeshaliwa na mchwa. Bibi yake, aliyekuwa pembeni na tasbihi mkononi, akacheka. "Mjukuu wangu, si vile vipele tu kama vya shurua? Hayo maradhi ya watoto. Sote tumeugua, tukalala siku tatu, tukainuka."

Kazi yetu sisi ni uhandisi wa maji, si utabibu, kwa hiyo tulinyamaza. Lakini maneno ya bibi hayakututoka. Ugonjwa ukiitwa wa watoto, ni kwa sababu unawachagua watoto, au kwa sababu watoto ndio wa kwanza kukutana nao? Na ukimpata mvulana na msichana, je, ni ugonjwa ule ule? Tulivirejea vitabu, na historia tuliyoikuta humo tumeona tusikae nayo peke yetu.

Nusu ya kwanza ya jibu ilipatikana mwaka 1846 katika visiwa vya Faroe, baharini kaskazini mwa Scotland, visiwa vya wavuvi na wafuga kondoo chini ya mfalme wa Denmark. Mwishoni mwa Machi mwaka huo seremala mmoja aliyetoka Copenhagen alishuka bandari ya Thorshavn, na siku chache baadaye akatokwa na vipele. Wakazi wa visiwa vyote walikuwa kiasi cha 7,800. Kabla mwaka haujaisha, watu wapatao 6,000 walikuwa wameugua surua (sisi wa visiwani twaiita shurua, na ugomvi huo tuuache kwa siku nyingine). Serikali ikawapeleka matabibu wawili vijana, mmoja wao Peter Ludvig Panum, aliyekuwa na miaka 25 tu.

Panum alizunguka kijiji hadi kijiji, akiandika nani ameugua, siku gani, na alikutana na nani kabla yake. Kwa daftari hilo aligundua kwamba tangu mtu aambukizwe mpaka vipele vitokee hupita siku 13 au 14, na hesabu hiyo haijapinduliwa hadi leo. Lakini lililotushika zaidi ni habari ya wazee. Surua haikuwa imefika Faroe tangu mwaka 1781, yaani miaka 65 nyuma, na kwa sababu hiyo safari hii haikuwaugua watoto peke yao. Baba, mama, babu na wajukuu walilala kwa pamoja, na nyumba nyengine hazikuwa na wa kuteka maji. Panum aliwapata wazee 98 waliokuwa wameugua mwaka 1781 wakiwa wadogo. Hata mmoja wao hakuugua tena. Wazee wenzao wa umri ule ule, ambao surua ya 1781 iliwapita kando, waliangushwa kama watoto.

Kwa hiyo surua haikuuliza, "Una miaka mingapi?" Iliuliza, "Tumeshakutana?" Katika mji mkubwa wenye bandari, ambako watoto huzaliwa kila siku na ugonjwa hauondoki, wasiokutana nao bado ni wadogo tu, ndiyo maana ukaitwa wa watoto. Hata hivyo umri haukukosa kazi kabisa. Panum aliona kwamba walioumia zaidi ni wachanga wasiotimiza mwaka na watu wazima wenye umri mkubwa, na kwamba watoto wa katikati walipita salama zaidi. Umri basi una kazi mbili: huamua nani atakutwa, kisha huamua atakayekutwa ataumia kiasi gani.

Kwa sisi tuliozoea matangi jambo hili si geni. Chukua tangi la watu wasio na kinga. Uzazi ndio bomba la kuingizia, na ugonjwa ndio bomba la kutolea. Ukilibana bomba la kutolea bila ya kulifunga, kila tone hukaa ndani muda mrefu zaidi kabla ya kutoka. Kwa lugha ya watu, ukipunguza maambukizo bila ya kuyakomesha, wagonjwa watapungua, lakini wale watakaougua watakuwa wakubwa kuliko zamani. Kwa maradhi mengi hilo si hasara kubwa. Kwa rubela, na kwa mwanamke, ni jambo la kutisha.

Hilo nalo lilichukua muda kujulikana. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman Gregg, alianza kuletewa vichanga wenye mtoto wa jicho, wengi kuliko alivyowahi kuona, na wengi wao wana kasoro ya moyo. Aliwasikiliza mama zao wakizungumza, nao wakawa wanasimulia jambo moja: waliugua rubela walipokuwa na mimba changa. Gregg alikusanya watoto 78 katika ripoti yake, na baadaye ikadhihirika kwamba wengi wa watoto wa namna hiyo huwa pia viziwi. Ugonjwa ambao kwa mtoto wa miaka mitano ni homa ya siku tatu, ukimpata mama wa miaka 25 katika miezi mitatu ya mwanzo, hasara yake humpata asiyezaliwa bado. Marekani ilipopatwa na mlipuko wa 1964 na 1965, watoto kiasi cha 20,000 walizaliwa na athari hizo.

Chanjo ilipopatikana mwishoni mwa miaka ya 1960, nchi mbili kubwa zilishika njia mbili. Marekani iliwachanja watoto wadogo wote, wake kwa waume, ikikusudia kuukata ugonjwa wenyewe. Uingereza, kuanzia mwaka 1970, ikawachanja wasichana peke yao, wakiwa na miaka 11 hadi 13. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Waache watoto wadogo waugue na kupata kinga ya asili, kisha msichana ambaye hakuugua mchanje kabla hajafika umri wa kuzaa. Mvulana hatabeba mimba, ya nini kumchoma sindano?

Tunakiri kwamba tungekuwa kwenye meza ile tungelipigia kura wazo hilo. Ni la kubana matumizi, na mhandisi hupenda kubana matumizi. Na matunda yalionekana, kwani watoto waliozaliwa na athari za rubela walipungua sana. Ila hawakukoma. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 karibu wanawake wote wajawazito Uingereza walikuwa na kinga, na bado wale wachache waliosalia waliendelea kuambukizwa. Mara nyingi aliyewaambukiza alikuwa mtoto wao wenyewe wa kwanza, aliyetoka skuli ya chekechea na vipele vyake. Virusi vilikuwa vinazunguka bila ya shida miongoni mwa wadogo na wavulana ambao hakuna aliyewagusa.

Miongoni mwa waliolifanyia hesabu jambo hili ni Roy Anderson na Robert May, huyo May akiwa mtu aliyeanza masomo yake Sydney katika uhandisi wa kemikali na fizikia (tuliposoma hayo tulifurahi kidogo, hatufichi). Hesabu zao zilionyesha kwamba njia ya Marekani ni bora, lakini kwa sharti: lazima ufikie watoto wengi sana. Ukiwachanja nusu tu, lile tangi letu linafanya kazi yake. Umri wa kuugua unapanda na kuangukia wanawake wa umri wa kuzaa. Ugiriki iliyaona hayo kwa macho. Chanjo ilikuwepo huko tangu miaka ya 1970, lakini kwa miaka mingi haikufikia hata nusu ya watoto. Mwaka 1993 ukaja mlipuko uliowakuta vijana wengi kuliko watoto, na watoto 25 wakazaliwa na athari.

Uingereza ilibadilisha njia mwaka 1988, ikaanza kuwachanja wavulana na wasichana wadogo pamoja dhidi ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Lakini wavulana waliokwisha kuvuka umri ule walibaki vile vile. Sisi tulikuwa wanafunzi kaskazini mwa nchi hii mwaka 1996, rubela ilipowaingia vijana wa kiume vyuoni. Katika nyumba yetu Waingereza watatu walilala kwa vipele na tezi za shingo, na sisi wa Unguja na Tanga, tuliokulia palipokuwa na rubela bila ya kuijua hata jina, tuliwapikia uji. Tulidhani ni uimara wetu. Kumbe tulikuwa kama wale wazee 98 wa Panum.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema kwamba tofauti ya mwanamke na mwanamume ni tumbo la uzazi tu. Si hivyo. Kifaduro huhesabiwa zaidi kwa wasichana, ilhali polio iliwapooza zaidi wavulana, na kwa jumla katika maradhi mengi ya kuambukiza mvulana mchanga ndiye dhaifu kidogo. Kisa kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yetu, kilitokea Afrika Magharibi. Mtoto mchanga hulindwa na kinga aliyoirithi kwa mama yake, nayo humwishia, kwa wengine kabla ya miezi tisa ya kuchanjwa surua. Ili kuziba pengo hilo, miaka ya 1980 ilijaribiwa chanjo ya surua yenye nguvu kubwa zaidi kwa watoto wa miezi minne hadi sita, Senegal, Guinea-Bissau na pia Haiti. Ilizuia surua kama ilivyokusudiwa. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka, wasichana waliopewa walikufa zaidi, kwa maradhi mengine, kuliko wasichana waliopewa ile ya kawaida. Kwa wavulana tofauti hiyo haikuonekana. Ukiwachanganya wote katika wastani mmoja, jambo lilififia. Shirika la Afya Duniani liliiondoa chanjo hiyo mwaka 1992, na tuseme wazi asije mtu akatutia maneno kinywani: chanjo wanayopewa watoto wetu leo si hiyo.

Tukirudi kwetu, Tanzania ilingoja mpaka Oktoba 2014 kuiingiza rubela katika chanjo ya surua, na Kenya ikafuata mwaka 2016. Kungoja huko kulikuwa na sababu zake, na mojawapo ni lile lililotokea Ugiriki, kwani Shirika la Afya Duniani lilitaka nchi iwe na uwezo wa kufikia angalau asilimia 80 ya watoto kabla ya kuanza. Ndugu zetu walioko Oman wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2019 nchi hiyo ilithibitishwa kuwa imetokomeza surua na rubela.

Walio katikati ni wanawake wetu waliohama wakubwa. Hawakuwepo skuli za Uingereza kupata sindano ya wasichana, na huko kwetu chanjo ilikuwa haijafika. Kwa miaka mingi kliniki za hapa ziliwapima damu wajawazito wote, na tunawajua kina mama kadhaa walioambiwa hawana kinga, wakangoja mpaka wajifungue ndipo wachanjwe, maana chanjo hii haipewi mwenye mimba. Mwaka 2016 England iliacha kipimo hicho, kwa vile rubela imekuwa nadra. Sasa mtu hutegemea kadi yake.

Yule binti alipiga simu nyumbani usiku ule ule. Shangazi alipekua makasha mawili bila ya kuona kitu. Ndipo binti akakumbuka mwenyewe: mwaka 2014, akiwa na miaka 11, walitolewa madarasani wakapangwa uwanjani, na muuguzi akawachoma sindano ya bega mmoja mmoja.

"Wasichana tu?" tukamwuliza.

"Hata," akasema. "Wavulana ndio waliotangulia, na mmoja akalia kuliko sisi sote."

Bibi akaendelea na tasbihi yake.