Je, ni gari lipi lililotumika linalofaa kuvuta tela nzito Bwera na Kasese?

Bwera, mji wa mpakani katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ni mahali ambapo si kila mzigo hungojea lori. Saruji ya kiwanda cha Hima, chumvi ya Katwe, kahawa ya milima ya Rwenzori na bidhaa za dukani zinazovuka mto Lhubiriha kwenda Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huweza kubebwa pia na gari la foo-wili, yaani lile ambalo injini yake huendesha magurudumu yote manne, likivuta tela nyuma yake.

Kwa mfanyabiashara mdogo, gari la aina hiyo ni mtaji wa miaka mingi. Aghalabu hununuliwa likiwa limekwisha kutumika Japani, au likiwa limemaliza muda wake katika shirika la misaada au idara ya serikali. Mnunuzi akichagua vibaya, hasara haiishii kwenye fedha. Tela yenye tani mbili ikimshinda dereva kwenye mteremko, hugharimu maisha yake na ya watu walio kando ya barabara.

Haja ya magari haya haielekei kupungua. Mnamo Juni 2021, Rais Yoweri Museveni wa Uganda na mwenzake wa Kongo, Félix Tshisekedi, walizindua huko Mpondwe mradi wa pamoja wa ujenzi wa barabara mashariki mwa Kongo. Mradi huo unajumuisha kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Barabara ikiwa nzuri, safari huwa fupi na mwendo huongezeka, na mwendo ukiongezeka, makosa ya upakiaji na ya breki hujitokeza kwa ukali zaidi.

Swali la kwanza la wanunuzi wengi huhusu nguvu ya injini. Ni swali la haki, lakini limewekwa mahali pasipo pake. Karibu kila gari la dizeli la foo-wili litaivuta tela nzito kwenye tambarare ya Kasese. Linalopaswa kuulizwa kwanza ni kama gari hilo litaweza kuizuia tela hiyo.

Uzito kwanza, gari baadaye

Mfano wa saruji unatosha. Mfuko mmoja una kilo 50, hivyo mifuko 40 ni kilo 2,000. Tela ya chuma iliyochomelewa karakanani yenyewe huweza kufikia kilo 600. Jumla ni kilo 2,600 kabla hata ya kuhesabu turubai, kamba na tairi la akiba.

Kila gari lina kikomo cha kuvuta kilichowekwa na mtengenezaji, na kikomo hicho kina sura mbili: tela yenye breki zake na tela isiyo na breki. Land Cruiser za kazi, za mfululizo wa 70, zimeidhinishwa katika masoko kama Australia kuvuta hadi kilo 3,500 tela ikiwa na breki. Isipokuwa nazo, kikomo hushuka hadi kilo 750. Tofauti hiyo ndiyo ambayo watu wengi hawaifahamu. Mwenye tela isiyo na breki anapopakia mifuko 40, amekwisha kupita zaidi ya mara tatu kiwango kilichowekwa, hata kama gari lake ni lile linalosifiwa kuliko yote.

Toyota Prado za kati ya mwaka 2002 na 2009 zina kikomo cha takriban kilo 2,500 hadi 2,800, kutegemea soko. RAV4 na magari mengine madogo ya jamii hiyo, ambayo kwa macho yanafanana na foo-wili za kazi, huishia karibu na kilo 1,500 tela ikiwa na breki, na hayakuundwa kwa kazi ya kila siku ya namna hii.

Zaidi ya kikomo cha kiwandani, madereva wazoefu duniani hufuata kanuni nyingine: kwenye milima, tela isizidi uzito wa gari linaloivuta. Land Cruiser ya pikapu ina uzito wa kilo 2,100 hivi. Kwa hesabu hiyo mzigo wa busara ni mifuko 30, si 40. Tofauti ya mifuko kumi huuma mfukoni, hilo halikanushiki.

Uzito unaokandamiza kiungo cha tela nao una kipimo chake, takriban asilimia 10 ya uzito wa tela pamoja na mzigo. Kwa tela ya kilo 2,000 ni kilo 200. Ukipungua sana, kwa mfano mifuko ikirundikwa nyuma ya ekseli, tela huanza kuyumba kama mkia, na mwendo ukiongezeka dereva hawezi tena kuirudisha kwenye mstari. Ukizidi, nyuma ya gari hulala chini na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Kipimo hiki hakihitaji mtambo wa kigeni: mizani ya jukwaa wanayotumia wanunuzi wa kahawa, ikiwekwa chini ya ncha ya tela iliyopakiwa na kusimamishwa mahali tambarare, hutoa jibu kwa dakika chache. Kilo hizo zihesabiwe pia kama sehemu ya mzigo wa gari lenyewe.

Mteremko ndio mtihani

Barabara ya kutoka Kikorongo kwenda Bwera hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ni tambarare na yenye joto, na tembo au nyati huweza kujitokeza barabarani bila kutarajiwa. Hapo gari huhitaji kusimama ghafla. Kwenye vilima vya Ihandiro, Kyondo au Kitholhu mtihani ni mwingine: kushuka kwa muda mrefu, barabara ya udongo, kona nyingi na upande mmoja bonde.

Gari na tela vyenye jumla ya tani tano vikishuka kimo cha mita 500, nishati inayopaswa kumezwa na breki pamoja na injini inatosha kuchemsha lita 70 za maji, yaani majerikeni matatu na nusu. Joto hilo likiachiwa breki za gari peke yake, mafuta ya breki huchemka, kanyagio huzama hadi sakafuni na gari haliitiki. Dereva atadhani breki zimekatika, kumbe zimeungua.

Kwa sababu hiyo sanduku la gia nzito, lile la pili ambalo foo-wili halisi hulo na magari ya mjini hayana, lina thamani kubwa kuliko farasi kumi za ziada kwenye injini. Gia hizo huiwezesha injini kulishikilia gari tangu mwanzo wa mteremko. Gari la gia za mkono hushika vizuri zaidi kuliko la otomatiki la enzi hiyohiyo. La otomatiki nalo lina adui wa pili, joto la mafuta ya gia wakati wa kupanda, na ni vyema liongezewe kipoza mafuta kabla ya kufungwa tela.

Jambo moja huwachanganya wanunuzi wapya. Katika magari mengi ya kazi, zikiwamo pikapu za Land Cruiser na Hilux, magurudumu ya mbele na ya nyuma yakiunganishwa hufungwa pamoja bila difu ya katikati. Kwenye udongo na matope ni sawa, lakini kwenye lami kavu hujikaza kila kona na kuharibu sanduku la gia. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 80 na 100, pamoja na Prado nyingi, zina difu ya katikati na huweza kutumia magurudumu yote manne hata kwenye lami.

Magari yaliyopo sokoni

Sheria ya Uganda ya usalama barabarani ilirekebishwa mwaka 2018 na kupiga marufuku kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Yale yaliyo chini ya umri huo lakini yamekwisha kuzeeka hutozwa ushuru wa mazingira. Masharti ya namna hii hubadilika na bajeti, hivyo mwenye kuagiza nje aulize kwanza Mamlaka ya Mapato. Matokeo yake kwa mnunuzi wa Bwera ni bayana: magari mengi yanayosifiwa kwa kuvuta, yaliyoundwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, hayawezi tena kuagizwa. Yanayouzwa leo yamefanya kazi miaka mingi katika barabara hizi hizi, na historia yake ni muhimu kuliko sura yake.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ ndiyo chaguo la wengi, na kwa haki. Ni injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo wala kompyuta ya kuogopesha, na fundi wa kawaida anaielewa. Udhaifu wake ni kwamba haina haraka: injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Bwera yenyewe iko juu ya kiwango hicho. Mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji asiyekumbuka ulibadilishwa lini ahesabiwe kuwa hakuubadilisha kamwe, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei.

Land Cruiser 80 ya mwaka 1990 hadi 1997 yenye dizeli ya turbo ni gari bora zaidi la kuvuta kwa yeyote atakayelipata likiwa zima. Ni zito, lina injini kubwa na breki nzuri. Tatizo ni hilo neno “zima”.

Prado zinahitaji tahadhari. Za mwaka 1996 hadi 2002 zenye injini ya lita 3.0 ya 1KZ-TE zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi zikipata joto kupita kiasi, na hakuna kazi inayoleta joto kama kupanda mlima na tela. Zilizofuata, zenye 1KD, zina nguvu zaidi, lakini nozeli zake hazivumilii dizeli chafu ya kwenye majerikeni. Kwa tela ya tani moja na nusu zinafaa. Kwa saruji ya kila siku, hapana.

Nissan Patrol yenye injini ya TD42 haipungukiwi na Land Cruiser katika kuvuta, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Ile ya lita 3.0 ya mwanzo, ZD30, ina sifa mbaya ya kuunguza pistoni. Spea za Patrol si rahisi kupatikana kama za Toyota, na gari lililolala karakanani wiki tatu likingoja spea kutoka Kampala halikuwa la bei nafuu.

Hilux hutosha kwa mizigo ya kahawa. Magunia 20 ya kilo 60 ni kilo 1,200, na pamoja na tela hazifiki tani mbili.

Chini ya gari

Ukaguzi uanzie kwenye chesisi, si kwenye rangi. Fundi atazame pale kiungo cha tela kilipofungwa na nyuma kidogo ya kibanda cha dereva, akitafuta nyufa, alama za kuchomelea au rangi mpya mahali pamoja tu. Gari lililobeba chumvi ya Katwe huliwa na kutu kutoka ndani ya chesisi, na macho hayaoni. Nyundo ndogo huonyesha: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Magari kutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, yana ugonjwa huo huo.

Injini ikiwa imepata moto, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe. Moshi unaosukuma kwa nguvu ni dalili ya pistoni zilizochoka. Maji ya rejeta yenye utando wa oili ni dalili mbaya zaidi. Klachi hupimwa gari likiwa limesimama kwa breki ya mkono na gia ya tatu: ikiachiwa taratibu na injini isizimike, klachi inateleza. Halafu tela yenyewe ifungwe, ikiwa na nusu ya mzigo, gari lipandishwe na kushushwa kilima kabla ya malipo. Muuzaji akikataa, amejibu.

Tela nayo isisahauliwe. Fundi anayeichomelea kwa ekseli ya gari bovu huweza kuacha ngoma za breki mahali pake na kuziunganisha na kiungo chenye breki za msukumo, ambazo hujikaza zenyewe gari linapopunguza mwendo. Gharama yake ni ndogo kuliko kubadilisha gari. Mnyororo wa akiba kati ya gari na tela uwepo daima.

Karatasi na mpaka

Namba ya chesisi ilingane na ile iliyo kwenye kadi ya gari, na gari lihakikiwe na polisi kabla ya fedha kutolewa, hasa katika eneo la mpakani. Daraja la leseni ya dereva lihusu pia kuvuta tela. Kwa wanaovuka kwenda Kasindi, bima ya Kadi ya Njano ya COMESA hutambuliwa na Uganda na Kongo pia, lakini mwenye gari athibitishe na kampuni yake kwamba tela imetajwa humo. Ng'ambo magari hupita upande wa kulia, na dereva aliyekaa kulia na tela nyuma yake hana njia ya kuona gari linalokuja anapotaka kulipita lori, ila kwa msaidizi aliyeketi kushoto.