Jiko la presha la umeme

Jiko la presha la umeme (madukani huitwa pia presha kuka ya umeme) ni chombo cha kupikia chenye sufuria ya ndani, kikanza cha umeme chini yake na mfuniko unaojifunga ili mvuke usitoke. Mvuke ukizuiwa, shinikizo hupanda, maji huchemka kwenye joto kubwa kuliko kawaida, na chakula kigumu huiva kwa muda mfupi. Makala hii inaeleza chombo chenyewe, namna ya kukichagua, na nafasi yake katika mapishi ya kila siku ya pwani ya Tanzania, hasa nyumba za Dunda, kata ya mji wa Bagamoyo katika Mkoa wa Pwani.

Jinsi linavyofanya kazi

Kwenye usawa wa bahari, kama Bagamoyo, maji huchemka kwa nyuzijoto 100 za Selsiasi. Moto ukiongezwa chini ya sufuria ya kawaida, maji hayapati joto zaidi ya hapo; yanageuka tu kuwa mvuke kwa kasi. Hapo ndipo mkaa mwingi unapopotea. Mpishi hupepea jiko akidhani anaharakisha maharage, kumbe anaharakisha kukauka kwa maji. Mwalimu wa fizikia anayefundisha kuchemka hahitaji kutafuta mfano mbali na jikoni kwake.

Ndani ya jiko la presha la umeme, shinikizo huzidi lile la hewa ya nje kwa takriban kilopaskali 70, na maji hufikia nyuzi 115 hivi. Tofauti ya nyuzi 15 inaonekana ndogo, lakini inatosha kupunguza muda wa kuivisha nafaka na kunde kwa nusu au zaidi. Watu wa milimani hunufaika zaidi: Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji ya sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 tu, ndiyo sababu maharage ya huko huchelewa kuiva.

Tofauti na presha ya kuweka juu ya jiko, ile inayopiga mluzi, jiko la umeme hujidhibiti lenyewe. Shinikizo likifika kiwango kilichowekwa, swichi ya ndani hukata umeme, likishuka, huurudisha. Kwa kuwa sufuria imezungukwa na ganda linalohifadhi joto, umeme huwa umekatwa kwa sehemu kubwa ya muda wa kupika.

Historia fupi

Mfaransa Denis Papin ndiye aliyetengeneza sufuria ya kwanza ya kupikia kwa shinikizo. Aliionyesha London mwaka 1679 mbele ya wanasayansi wa Royal Society, na baadaye akaiongezea vali ya usalama kwa sababu vyombo vya mwanzo vilipasuka. Sufuria za presha za nyumbani zilienea katika karne ya 20. Za umeme zenye vidhibiti vya kisasa zilitokea China miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2010 zilipata umaarufu mkubwa Amerika ya Kaskazini kupitia Instant Pot, iliyobuniwa Kanada.

Nchini Tanzania, shirika la TaTEDO limekuwa miongoni mwa wahamasishaji wa majiko haya, likishirikiana na mpango wa utafiti wa MECS unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza. Mwaka 2018 ulifanyika Dar es Salaam utafiti wa shajara za mapishi, ambapo kaya ziliandika kila chakula zilichopika na nishati iliyotumika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa pwani ya Bagamoyo jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa kuni na mkaa hugusa pia mikoko ya delta ya Mto Ruvu.

Gharama ya umeme

Watu wengi hukataa jiko hili kwa hoja moja: "litamaliza LUKU." Hofu hiyo imetokana na majiko ya koili, na kwa majiko hayo ni ya haki. Jiko la koili likivuta wastani wa wati 1,000 kwa saa mbili za kuchemsha maharage limekula uniti 2. Hesabu ya jiko la presha ni nyingine. Nusu kilo ya maharage yaliyorowekwa, pamoja na lita mbili za maji, huhitaji takriban uniti 0.3 kupanda hadi joto la kupikia. Kisha umeme huingia na kukatika, na jumla huwa karibu uniti 0.4.

Thamani ya uniti hizo hutegemea kundi la mteja. Kwa bei za TANESCO zilizoanza mwaka 2016, mteja wa T1, yaani matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inakuwa takriban shilingi 356. Chungu kile cha maharage kinamgharimu kama shilingi 142. Mteja wa D1, yaani wa matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, au 122 baada yake, kwa hiyo chungu hichohicho ni kama shilingi 49.

Lakini D1 ina mtego wake. Bei hiyo nafuu ni kwa uniti 75 za mwezi. Zinazozidi hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, na anayezidisha mfululizo anaweza kuhamishiwa T1. Kupika mara moja kila siku huongeza uniti 12 hivi kwa mwezi. Nyumba inayotumia uniti 50 haitaona tatizo. Nyumba yenye friji inayotumia 70 itavuka mpaka, na itavuka kwa ajili ya matumizi yote, si ya jiko peke yake. Kwa hiyo kabla ya kununua ni vizuri kuangalia risiti za LUKU za miezi mitatu iliyopita. Anayetaka kulinganisha na mkaa aandike kwa wiki mbili fedha zote za mkaa, hata wa kopo moja la jioni, maana kopo za jioni ndizo zinazosahaulika.

Kuchagua jiko

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kuwa kinachouzwa ni jiko la presha kweli. Baadhi ya majiko ya wali ya umeme hufanana nalo kwa umbo, na muuzaji asiyejua huyaita yote kwa jina moja. Jiko la presha lina mfuniko mzito unaozungushwa hadi ufunge, ringi ya mpira ndani ya mfuniko, vali ya kutolea mvuke na kipini kidogo kinachopanda shinikizo likiwepo. Mfuniko wa kioo unaowekwa juu tu ni wa jiko la wali.

Ukubwa huandikwa kwa lita, lakini lita hizo hazijazwi zote. Chakula cha kawaida hakipaswi kupita theluthi mbili ya sufuria, na vinavyovimba au kutoa povu (maharage, choroko, wali) visipite nusu. Jiko la lita 6 kwa hiyo ni la lita 3 za maharage, na hiyo yatosha watu watano au sita. Nyumba ya watu wanane wa kula futari pamoja haitaridhika na la lita 4, hata kama bei yake inavutia.

Nguvu ya wati 900 hadi 1,000 ni ya kawaida kwa lita 5 au 6. Kwa umeme wetu wa volti 230, wati 1,000 ni ampea 4.3 hivi, mzigo ambao soketi nzima ya ukutani huubeba bila shida. Tatizo huwa ni waya mwembamba wa kuongezea unaolisha jiko, friji na pasi kwa pamoja. Katika nyumba za zamani ambazo umeme ulivutwa kwa ajili ya taa, fundi atazame waya kwanza.

Sufuria ya ndani huwa ya chuma kisichoshika kutu au ya alumini yenye rangi ya kuzuia kuganda. Ya rangi huoshwa kwa urahisi lakini huchubuka kwa kijiko cha chuma. Ya chuma cha pua hudumu, ila wali huganda chini mpaka mpishi aizoee. Vitufe vingi vyenye majina ya keki na mtindi visimshawishi mnunuzi. Jiko lenye kitufe cha kuzungusha dakika ni rahisi kwa bibi asiyependa kusoma maandishi madogo, na fundi wa mtaani hulitengeneza kwa wepesi. Kilicho muhimu zaidi ni vipuri: ringi ya mpira hulegea na kupasuka kwa matumizi, na bila ringi jiko zima halina kazi. Mnunuzi aulize dukani ringi ya aina hiyo ipo, na ikiwezekana anunue ya pili siku hiyohiyo.

Mapishi ya kila siku

Faida kubwa ya jiko hili haiko kwenye vyakula ambavyo nyumba inapika tayari, bali kwenye vile ilivyoacha kwa sababu ya mkaa. Mbaazi, kande, makongoro, bokoboko na pweza ni vyakula vya pwani vya tangu zamani, lakini vyote vinataka moto mrefu, na nyumba inayonunua mkaa kwa kopo huishia kwenye wali na dagaa siku tano za wiki.

Mbaazi kavu zilizolala kwenye maji huiva kwa dakika 15 hadi 20 baada ya shinikizo kupanda. Maharage yaliyorowekwa 20 hadi 25, na yasiyorowekwa 45 hivi. Choroko hazihitaji kurowekwa. Kande za mahindi yaliyokobolewa huchukua dakika 40 au zaidi, nyama ya ng'ombe na kuku wa kienyeji karibu 35, makongoro saa nzima. Pweza aliyenunuliwa ufukweni huhitaji dakika 15 hadi 20 bila kuongezwa maji mengi, kwani hutoa maji yake mwenyewe.

Chungu kimoja cha mbaazi kinaweza kuzaa milo mitatu. Sehemu ya kwanza inaungwa kwa nazi na kuliwa na maandazi asubuhi. Ya pili inapikwa na wali. Ya tatu, ikiwekwa kwenye friji, inapondwa kesho yake kwa kitunguu na bizari iwe mchuzi wa chapati. Mseto wa choroko na mchele huiva kwa mara moja. Pilau nayo huanza mfuniko ukiwa wazi: vitunguu, nyama na viungo hukaangwa ndani ya jiko, nyama huivishwa kwa presha, kisha mchele huongezwa na kufungwa tena kwa dakika 6 au 7. Maji ya mchele yapunguzwe, kikombe kimoja na robo kwa kikombe cha mchele, kwa sababu mvuke hautoki.

Nazi ina utaratibu wake. Tui jepesi linaweza kuingia tangu mwanzo, lakini kasimile, yaani tui zito la kwanza, hukatika na kuganda chini likipikwa kwa presha. Litiwe mwishoni, mfuniko ukiwa wazi, likorogwe hadi lichemke mara moja. Nyanya, ndimu na ukwaju navyo vingoje, kwa kuwa uchachu huzuia maharage kulainika. Hali kadhalika maji ya kisima yenye chokaa huyachelewesha, hata ndani ya presha.

Jiko hili haliondoi mengine yote. Chapati na maandazi hayamo, samaki wa kupaka anataka makaa, na changu mbichi husambaratika. Ugali unaweza kupikwa, lakini sufuria inayozunguka chini ya mwiko humchosha mpishi na kuchubuka upesi.

Usalama

Mfuniko haufunguliwi kwa nguvu. Kipini kikiwa juu, shinikizo bado lipo. Choroko, mbaazi na uji ziachwe zipoe zenyewe kwa dakika 10 kabla ya vali kufunguliwa, la sivyo povu la moto hurukia ukutani au usoni. Umeme ukikatika katikati, jiko liachwe limefungwa, kwani chakula huendelea kuiva kwa joto lililobaki. Majiko mengine hayaendelei na dakika zilizosalia umeme ukirudi, kwa hiyo yawekwe upya.

Vyakula viwili vinahitaji tahadhari maalumu. Maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Presha huiharibu, lakini kitufe cha kupika polepole kilicho kwenye baadhi ya majiko hakifikishi joto la kutosha. Kisamvu kibichi nacho hutoa sayanidi. Kinapotwangwa na kuchemshwa bila kufunikwa, gesi hiyo hupaa. Kwa hiyo mchemsho wa kwanza ufanywe kwenye sufuria ya wazi, mahali penye hewa, na presha itumike baadaye tu kwa kukilainisha pamoja na karanga au kunde.

Utunzaji

Ganda la nje halizamishwi majini. Chini ya sufuria ya ndani pafutwe pakauke kabla ya kuirudisha, maana tone la maji au punje ya mchele juu ya kikanza huharibu usomaji wa joto. Vali ivuliwe na kuoshwa kila baada ya choroko au uji. Karibu na bahari, hewa ya chumvi hula vituo vya umeme na skrubu, hivyo jiko lisihifadhiwe dirishani upande wa upepo, na mfuniko ulazwe kichwa chini bila kufungwa ili ringi ikauke na isishike harufu ya pweza.