Kuzuia Damu Katika Upasuaji wa Rovu: Kazi ya Theodor Kocher

Uvimbe wa tezi ya shingo, ambao kwa Kiswahili huitwa rovu, ulikuwa maradhi ya kawaida katika milima ya Uswisi, kwa kuwa udongo na maji ya huko yalipungukiwa na madini joto. Wengine walikabwa pumzi nao, lakini wapasuaji waliogopa kuugusa. Sababu ilikuwa damu. Tezi hiyo hulishwa na ateri kubwa nne, mbili kila upande, na vena zake ni nyingi na nyororo. Aliyeikata kwa pupa hakuweza tena kuona alikatalo. Theodor Billroth, alipokuwa Zürich katika miaka ya 1860, alipoteza wagonjwa wapatao wanne katika kila kumi, akaiacha kazi hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka 1872 Theodor Kocher alipewa uprofesa mjini Bern. Dawa ya usingizi ilikwisha kupatikana, na mafunzo ya Lister juu ya kuzuia usaha, na vile vile koleo ndogo za kubania mishipa, kama zile za Péan na Spencer Wells. Kocher aliongeza utaratibu: kila mshipa hutafutwa, hubanwa, hufungwa kwa uzi, ndipo hukatwa. Alikwenda polepole, na jeraha likabaki kavu. Katika wagonjwa wake mia wa kwanza walikufa kama 13. Alipofariki mwaka 1917 hakufa hata mmoja katika mia.

Lakini ustadi huo ulizaa msiba wake. Mwaka 1883 Kocher alieleza kuwa, katika watu 18 aliowachunguza tena baada ya kuwaondolea tezi nzima, 16 walikuwa wamevimba uso na kupumbaa. Baadaye Halsted wa Marekani alitoa sababu: Billroth, aliyefanya kazi kwa haraka, aliacha vipande vya tezi, Kocher, kwa kuwa damu haikumzuilia macho, hakuacha kitu. Tangu hapo Kocher alijizuia kuiondoa yote kwa ajili ya rovu la kawaida.

Basi yafaa tukumbuke kwamba kazi ya tezi hii mwilini ilidhihirika kwa sababu damu yake ilikwisha kutiishwa. Mwaka 1909 Kocher alipewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi vyombo vya umeme hufunga mishipa kwa joto, lakini kanuni ya Bern ingalipo: funga kwanza, kisha kata.